Pasaka ya Wafugaji: Historia ya Usiku Mmoja, Kutoka Gosheni hadi Kitengela

Agosti 1904, Olonana, oloiboni (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai aliyeishi upande wa Ngong, pamoja na wazee wenzake waliweka alama zao kwenye mkataba wa Waingereza. Mkataba huo uliwatoa Wamaasai kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate ardhi kandokando ya reli. Walitengewa hifadhi mbili: moja Laikipia, na nyingine kusini ya reli, katika nchi ambayo leo ndiyo Kaunti ya Kajiado. Waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu kabila lao lipo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ulikuja mkataba wa pili, na waliokuwa Laikipia wakaanza kuswagwa kusini pamoja na mifugo yao.

Mwaka huohuo wa 1904, Berlin, kilitoka kitabu kilichoitwa Die Masai. Mwandishi wake, Moritz Merker, alikuwa afisa wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, na alikaa Moshi miaka kadhaa akiwahoji Wamaasai juu ya mila zao. Hitimisho lake liliwashangaza wasomi wa Ulaya: kwamba Wamaasai na Waisraeli wa kale walikuwa ukoo mmoja wa Kisemiti uliotokea Arabuni.

Na mwezi Desemba 1904, watu watatu waliotumwa na Kongamano la Kizayuni walianza safari ya kuja Afrika Mashariki. Kazi yao ilikuwa kuikagua Uasin Gishu, nchi ambayo serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi.

Basi ndani ya miezi michache, wafugaji wa kweli walihamishwa kwa karatasi, Mjerumani mmoja akawaita Waisraeli, na wajumbe wa wana wa Israeli wenyewe wakaja kutafuta makao katika nchi yenye jina la Kimaasai. Nyuma ya Merker na nyuma ya Wazayuni kulikuwa na simulizi moja ya zamani: wafugaji waliochinja mnyama jioni, wakapaka damu milangoni, wakala upesi, na usiku uleule wakaondoka Misri. Simulizi hiyo ndiyo Pasaka. Ili kujua ilivyofika Kajiado, na kwa nini Merker alikosea, ni lazima tuanzie mwanzo wake.

Watu wa mifugo katika nchi ya matofali

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba njaa iliwasukuma Yakobo na wanawe kushuka Misri, ambako Yusufu alikuwa amepata cheo kikubwa. Yusufu aliwafundisha ndugu zake cha kumwambia Farao: waseme kwamba wao ni wafugaji tangu ujana wao, na baba zao vilevile. Sababu inatajwa wazi. Wamisri waliwachukia wachungaji, kwa hiyo wangewekwa mbali, Gosheni, pembezoni mwa nchi, penye malisho. Hila hiyo ilifaulu. Wakapata majani, na pia wakapata jina la watu wasiochangamana na wenye mji.

Vizazi vikapita. Akatokea Farao asiyemjua Yusufu, akawaona wageni hawa kuwa tishio, akawatoa kwenye mifugo na kuwatia kwenye udongo. Kitabu cha Kutoka kinataja miji miwili ya ghala waliyoijenga, Pithomu na Ramesesi. Jina la pili linawafanya wanahistoria wengi wamfikirie Ramesesi wa Pili, aliyetawala kuanzia 1279 hadi 1213 kabla ya Kristo na kujenga mji mkuu wenye jina lake upande wa mashariki wa delta ya Nile. Hakuna maandishi ya Kimisri yaliyopatikana yanayosimulia kuondoka kwa Waisraeli. Lakini jiwe la ushindi la Merneptah, mwana wa Ramesesi, lililochongwa karibu mwaka 1208 kabla ya Kristo, linataja Israeli kuwa watu waliokwisha kuwako nchi ya Kanaani. Ndiyo mara ya kwanza jina hilo kuonekana katika maandishi yasiyo ya Biblia ambayo wasomi wengi wanayakubali.

Musa mwenyewe alilelewa katika jumba la kifalme, lakini wito wake ulimkuta akichunga kondoo wa mkwewe Yethro jangwani. Ombi lake la kwanza kwa Farao lilikuwa dogo: watu waruhusiwe kwenda mwendo wa siku tatu nyikani wakamfanyie Mungu wao sikukuu na dhabihu. Farao akakataa, na mapigo yakaanza. Pigo la tano lilikuwa tauni ya mifugo. Msomaji wa Kajiado hahitaji kuelezwa maana ya pigo hilo. Wazee wa Kimaasai bado wanaitaja Emutai, maangamizi ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati homa ya mapafu ya ng'ombe, kisha sotoka mnamo 1890 na 1891, kisha ndui ya watu, vilipoacha maboma matupu. Olonana alipokaa na Waingereza mezani, alikuwa kiongozi wa watu waliotoka kuzika ng'ombe na wana wao.

Kuna mabishano mengine ndani ya kitabu cha Kutoka ambayo mkulima au mtu wa mjini huyapita haraka, lakini mfugaji atayasoma mara mbili. Baada ya pigo la giza, Farao alilegea. Akasema nendeni, hata watoto wenu, ila kondoo na ng'ombe wabaki. Musa akakataa katakata: hataacha mnyama hata mmoja. Alijua, kama ajuavyo kila mzee wa boma, kwamba mtu aliyeondoka bila mifugo yake atarudi tu kwa aliyeibakiza.

Agizo la mwezi wa kwanza

Hapo ndipo sura ya 12 ya Kutoka inapoingia. Mwezi huo, ulioitwa Abibu na baadaye Nisani, uwe wa kwanza katika mwaka. Siku ya kumi kila nyumba ichague mnyama mmoja: dume, wa mwaka mmoja, asiye na kilema, kutoka katika kondoo au mbuzi. Akae nyumbani hadi siku ya 14, kisha achinjwe jioni. Damu ipakwe kwa kitawi cha hisopo kwenye miimo miwili ya mlango na kwenye kizingiti cha juu. Nyama iokwe motoni nzima, kichwa na miguu. Isiliwe mbichi wala isichemshwe, na mfupa wake usivunjwe. Iliwe pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu. Itakayobaki hadi asubuhi ichomwe. Na walaji wale wakiwa tayari kwa safari, mikanda viunoni, viatu miguuni, fimbo mkononi.

Ukiyasoma maagizo haya kwa macho ya mtu wa mifugo, yanaeleweka moja moja. Dume wa mwaka mmoja ndiye anayeweza kutolewa zizini bila kupunguza uzazi, kwa kuwa kundi linahitaji majike mengi na madume machache. Lakini sharti la kutokuwa na kilema linamgusa mwenye kundi palepale, maana dume mzima asiye na kasoro ndiye angemweka awe mbegu. Siku nne za kumweka nyumbani ni siku za kumkagua: je, anachechemea, ana jicho bovu, ana upele? Kuoka hakuhitaji sufuria wala maji mengi. Mkate usio na chachu haungoji unga uumuke. Chakula chote ni cha watu walio njiani.

Nacho ni chakula cha nyumba. Hapakuwa na kuhani usiku ule, wala madhabahu. Mwenye nyumba ndiye aliyechinja, na mlango wake ndio uliopakwa damu. Kama nyumba ilikuwa ndogo kumaliza mnyama mzima, ilitakiwa iungane na jirani, wagawane kwa kadiri ya walaji. Usiku wa manane pigo la mwisho likawaua wazaliwa wa kwanza wa Misri, wa watu na wa wanyama, na nyumba zenye alama zikapitwa. Kabla ya mapambazuko Farao aliwaita Musa na Haruni na kuwafukuza yeye mwenyewe. Wakatoka Ramesesi kwenda Sukothi, na kitabu kinaongeza jambo linalosahauliwa mara nyingi: kundi kubwa la watu wa mataifa mengine lilitoka pamoja nao.

Sikukuu mbili zilizokuwa moja

Wasomi wa Biblia wameona kwa muda mrefu kwamba Pasaka ina tabaka mbili. Mnyama na damu ni mambo ya wafugaji. Mikate isiyotiwa chachu, inayoliwa siku saba, inafaa zaidi wakulima, kwa kuwa mwezi wa Abibu ndio mwezi ambao shayiri hukomaa Kanaani, na unga mpya huliwa bila kuchanganywa na donge la zamani. Mwaka 1943 msomi Mjerumani Leonhard Rost alipendekeza kwamba ibada ya damu ilikuwa ya wachungaji waliokuwa wakijiandaa kuhamisha makundi kutoka malisho ya mvua kwenda malisho ya kiangazi. Usiku wa kuamkia safari walichinja, wakapaka damu makaoni mwao ili kuzuia madhara ya njiani, wakaondoka. Siku ya 14 ya mwezi wa kuandama pia ina maana yake: mbalamwezi ni kamili, na kundi linaweza kwenda usiku.

Nadharia hiyo si lazima ikubaliwe yote. Inaeleza hata hivyo kwa nini Musa aliomba ruhusa ya sikukuu nyikani kabla hata Pasaka haijaamriwa, na kwa nini vifaa vya Pasaka ni vya boma kuliko vya hekalu. Kazi kubwa ya Waisraeli ilikuwa kuichukua desturi ya kila mwaka ya wafugaji, ambayo ilihusu usalama wa kundi, na kuifunga kwenye tukio moja la kutoka utumwani. Kuanzia hapo hawakuchinja tena kwa kuogopa hatari ya safari inayokuja. Walichinja kwa kukumbuka safari iliyokwisha. Ndiyo maana agizo la Kutoka linataja watoto: watakapouliza ibada hii ina maana gani, wajibiwe kwa simulizi.

Kutoka mlangoni hadi hekaluni, na kurudi

Waisraeli waliposhika mashamba na kujenga miji, Pasaka ilibadilika. Yoshua anaadhimisha Pasaka Gilgali, mara baada ya kuvuka Yordani, na mana inakoma siku inayofuata watu walipoanza kula mazao ya nchi. Kumbukumbu la Torati linataka mnyama achinjwe mahali pamoja tu, na linaruhusu hata ng'ombe. Mfalme Yosia wa Yuda, katika matengenezo yake ya karibu mwaka 622 kabla ya Kristo, aliwakusanya watu Yerusalemu kwa Pasaka ambayo mwandishi wa Wafalme anasema haikuwahi kufanyika kama hiyo tangu siku za waamuzi. Sikukuu ya nyumba ikawa ya taifa, na mlango wa nyumba ukakaa bila damu.

Sheria ilibaki na huruma kwa watu wa njiani. Kitabu cha Hesabu kinampa nafasi ya pili, mwezi mmoja baadaye, mtu aliyeshindwa kula Pasaka kwa sababu ya kugusa maiti au kwa kuwa safarini mbali. Mfalme Hezekia aliitumia nafasi hiyo kwa ajili ya taifa zima, makuhani walipokuwa hawajajitakasa wa kutosha.

Ushahidi mmoja wa Pasaka nje ya Biblia umetoka Afrika, tena kwenye mto ambao maji yake mengine hutoka ziwa la Victoria. Katika kisiwa cha Elefantine, karibu na Aswan, palikuwa na kambi ya askari Wayahudi waliowatumikia Waajemi. Mwaka 419 kabla ya Kristo waliandikiwa barua, ambayo vipande vyake vimesalia kwenye mafunjo, ikitaja siku za kuanzia 15 hadi 21 Nisani na kukataza chachu. Wayahudi hao walikuwa na hekalu lao kisiwani, jirani na hekalu la Khnum, mungu wa Kimisri mwenye kichwa cha kondoo dume. Mwaka 410 makuhani wa Khnum walichochea hekalu la Wayahudi libomolewe. Wanahistoria kadhaa wanahisi kuwa kuchinja kondoo mbele ya watu walioabudu kondoo kulichangia ugomvi huo. Chuki ya Mmisri kwa mchungaji, ambayo Yusufu aliitaja, ilikuwa bado hai.

Wakati wa Warumi, Yerusalemu ilijaa wahujaji kila Nisani. Mwanahistoria Myahudi Yosefo aliandika hesabu ya wanyama 255,600 waliochinjwa katika Pasaka moja, tarakimu ambayo wengi huiona imezidishwa, ingawa inaonyesha ukubwa wa umati. Katika umati wa namna hiyo Yesu wa Nazareti alikula chakula chake cha mwisho na wanafunzi wake. Injili za Mathayo, Marko na Luka zinakiita chakula cha Pasaka. Yohana anaweka kifo chake siku ya maandalio ya Pasaka, wanakondoo walipokuwa wakichinjwa, na anakumbusha kwamba mifupa yake haikuvunjwa. Miaka ishirini hivi baadaye Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Kristo ndiye Pasaka wao aliyekwisha kutolewa.

Mwaka 70 Warumi waliliteketeza hekalu. Bila hekalu hapakuwa na kuchinja, na Wayahudi wakairudisha Pasaka mahali ilipoanzia, nyumbani. Kufikia mwaka 200 hivi, Mishna ilikuwa imeandika utaratibu wa usiku huo: vikombe vinne vya divai, mkate usio na chachu, mboga chungu, na maswali ya mtoto. Mnyama akawa mfupa tu wa kuwekwa sahanini. Wasamaria pekee, juu ya mlima Gerizimu, wanaendelea kuchinja kondoo hadi leo. Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israel, nao waliendelea kuchinja karne nyingi katika vijiji vyao vya milimani.

Wakristo walibishana juu ya tarehe. Makanisa ya Asia Ndogo yaliishika siku ya 14 ya Nisani yoyote iangukiayo. Rumi ilisisitiza Jumapili. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliamua upande wa Jumapili. Ndiyo sababu Pasaka ya wengi wetu huhesabiwa kwa mbalamwezi kamili ya majira yale, lakini huadhimishwa Jumapili inayoifuata. Hata hivyo zipo jumuiya za Kikristo Kenya zinazoshika Sabato, na ambazo jioni ya kuingia tarehe 14 huoshana miguu na kula mkate usiotiwa chachu.

Kosa la Merker

Turudi Moshi. Merker aliona mengi ambayo kweli yapo. Wamaasai hutahiri. Kwa desturi ya kale hawachanganyi nyama na maziwa siku moja, na Torati nayo inakataza kumchemsha mwanambuzi katika maziwa ya mamaye. Wana Mungu mmoja, Enkai. Wanaoka nyama ya ibada na kuila kwa utaratibu wa rika na jinsia. Aliandika pia masimulizi ya gharika na ya amri yaliyofanana mno na kitabu cha Mwanzo na cha Kutoka.

Lakini mwaka mmoja baadaye, 1905, A. C. Hollis alichapisha kitabu chake juu ya Wamaasai, kikiwa na maandishi ya Kimaa yenyewe. Masimulizi yake ya mwanzo wa dunia yanamhusu Mdorobo, tembo na nyoka. Nuhu hayumo. Wengi wa waliofuata waliamini kwamba Merker alikuwa amesimuliwa Biblia iliyokwisha kupita mikononi mwa wamisionari, au alisikia alichotaka kusikia. Na lugha ilimaliza ubishi: Kimaa ni lugha ya Kiniloti, ndugu wa karibu wa Kisamburu na wa mbali wa Kiturkana na Kijaluo, na asili yake ni upande wa Nile, wala si Arabuni.

Kuna ushahidi mwingine ambao ungemtosha Merker kama angeulinganisha vizuri. Ni damu. Katika sherehe kadhaa za Kimaasai mnyama hachinjwi kwa kisu shingoni. Huzibwa pumzi hadi afe, kisha ngozi ya shingoni huachanishwa na nyama ikawa mfuko, damu ikakusanyika humo, na wahusika wakainywa. Torati inafanya kinyume kabisa: damu lazima imwagike, ni marufuku kuinywa, na usiku wa Pasaka ilipakwa mlangoni ionekane. Mnyama ni yuleyule, moto ni uleule, rika na nyumba zina nafasi ileile, lakini katika jambo lililo kiini cha ibada watu hawa wawili wanaachana.

Kinachowafananisha ni kazi. Watu wanaoishi kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe katika nchi ya mvua haba hufikia sheria zinazokaribiana juu ya nani agawe nyama, nani ale na nani, na lini kundi lihamishwe. Merker aliutafuta undugu katika nasaba, wakati ulikuwa zizini.

Pasaka katika nchi hizi

Wazayuni waliotuma watu kuikagua Uasin Gishu walisukumwa na Pasaka ya damu nyingine. Tarehe 19 Aprili 1903, siku ya mwisho ya Pasaka ya Wayahudi na Jumapili ya Pasaka ya Waothodoksi, watu wa Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi na ambao leo ni mji mkuu wa Moldova, waliwavamia jirani zao Wayahudi na kuua 49. Gazeti la mji lilikuwa limechochea uvumi wa kale kwamba Wayahudi huhitaji damu ya mtoto Mkristo kwa mikate ya Pasaka. Agosti mwaka huo, Basel, kiongozi wa Wazayuni, Theodor Herzl, aliliwekea Kongamano pendekezo la waziri wa Uingereza, Joseph Chamberlain, la nchi ya Afrika Mashariki. Wajumbe wengine walilia na kutoka ukumbini. Herzl alifariki Julai 1904, na Kongamano la 1905 likalikataa pendekezo. Uasin Gishu ilikwenda kwa walowezi wengine. Jina lake lilitokana na Ilwasin-kishu, kundi la watu wa Kimaa lililosambaratishwa katika vita vya karne ya 19, na katika mjadala wote ule hakuna aliyewauliza wafugaji wa Bonde la Ufa neno.

Wayahudi wachache walibaki Kenya kwa njia zao, na jumuiya yao ya Nairobi iliundwa mwaka 1904. Machi 1947 walikuja wengine kwa pingu: wanaharakati wa makundi ya Kiyahudi ya Irgun na Lehi ambao Waingereza waliwatoa Palestina kuanzia Oktoba 1944 na kuwapitisha Eritrea na Sudan kabla ya kuwafungia Gilgil. Miongoni mwao alikuwa Meir Shamgar, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli. Pasaka mbili, ya 1947 na ya 1948, ziliwakuta nyuma ya waya, wakiadhimisha kutoka kifungoni wakiwa kifungoni. Waliachiwa Julai 1948.

Uganda ilipata Pasaka yake bila mgeni. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatekia Waingereza mashariki mwa Uganda, alikosana nao, akaisoma Biblia kwa makini, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe huko Mbale. Wafuasi wake ndio Abayudaya. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao, wengi walihama dini na waliobaki walisali kwa siri. Kisha jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda wakaiteka Kampala, tarehe 11 Aprili 1979. Kwa kalenda ya Kiyahudi, jua lilipotua siku hiyo Pasaka iliingia. Abayudaya hawakuhitaji kutafuta fundisho la usiku ule, walilisikia redioni.

Mwenyeji na mgeni Kitengela

Sasa Kajiado. Nchi ambayo mwaka 1904 ilitengwa kwa ajili ya Wamaasai peke yao ilikuwa na watu 687,312 katika sensa ya 2009, na 1,117,840 katika sensa ya 2019. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko Kitengela na miji mingine ya mpakani mwa Nairobi. Kitengela ilikuwa malisho ya Wamaasai wa Ilkaputiei, na wanyamapori wa Mbuga ya Nairobi walipita humo kufuata majani ya mvua. Sheria ya 1968 iliyagawa malisho ya Kajiado kuwa ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela ikakatwa vipande vya watu binafsi mwaka 1988, na vipande vikakatwa tena kuwa ploti. Leo kando ya barabara ya Namanga utakuta kanisa karibu kila baada ya hatua chache, na ndani yake waumini kutoka kila pembe ya Kenya. Pasaka inapokaribia, bei ya mbuzi hupanda, na muuzaji mara nyingi ni mzee wa Kimaasai ambaye boma la baba yake lilikuwa hapohapo palipo lami.

Kwa mji wa namna hii, aya muhimu kuliko zote katika sura ya 12 ya Kutoka ziko mwishoni, baada ya damu na baada ya safari. Mgeni anayekaa nanyi akitaka kula Pasaka, atahiriwe yeye na wanaume wote wa nyumba yake, naye atakuwa sawa na mzaliwa wa nchi. Kisha inatolewa kanuni: sheria iwe moja kwa mwenyeji na kwa mgeni. Taifa lililotoka Misri lilikuwa na watu mchanganyiko tangu usiku wa kwanza. Lilijulikana kwa meza ambayo watu wake walikula pamoja na kwa sheria waliyoikubali pamoja. Torati inarudia jambo hilo mara kwa mara, ikiwaambia Waisraeli wasimwonee mgeni kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri.

Kanuni hiyo ina makali pande zote mbili. Inamkataza mwenyeji kumfanya mgeni kuwa mtu wa daraja la pili. Inamkataza pia mgeni, anapokuwa na fedha, wakili na hati, kumfanyia mwenyeji alichofanya Farao, yaani kumgeuza mfugaji kuwa kibarua kwenye ardhi ya baba yake. Mikataba ya 1904 na 1911 ilivunja kanuni hiyo kwa kuweka sheria moja kwa mlowezi na nyingine kwa Mmaasai, na matokeo yake bado yanabishaniwa.

Kwa hiyo anayeila Pasaka Kitengela, iwe kwa mkate usiotiwa chachu tarehe 14 au kwa mbuzi wa Jumapili, asihangaike kujua kama Wamaasai ni kabila lililopotea la Israeli. Hawakuwa, na hawahitaji kuwa. Ajiulize kama jirani yake, mwenyeji au mgeni, ana njia ya kupitisha mifugo, ana maji, ana hati isiyo ya hila, na ana nafasi mezani. Na mtoto akiuliza kwa nini tunaila, aambiwe simulizi yote, pamoja na ya hapa Kajiado.